Mpira wa mgongoni kwa watu wa kazi ngumu: jinsi ya kuchagua, kushonesha na kuvaa

Hii nawaandikia nyinyi mnaoinama kutwa. Wajaza magunia wa Kisenyi hapa Kampala, wafyatua matofali wa mabondeni, mataniboi wa malori pale mpakani Busia na Malaba, mafundi taili, akina mama wanaopalilia karanga toka asubuhi mpaka jua la saa sita. Siku hizi kuna vifaa vya kuvaa mwilini vinavyousaidia mwili kufanya kazi, wenyewe wanaviita eksoskeletoni, na watu wengi wakisikia hivyo wanafikiria roboti ya sinema yenye betri na mataa. Vingi havina betri hata moja. Ni mpira, springi na kanda za kufunga basi, na kimoja kati ya hivyo, huo mpira wa mgongoni unaovutika ukiinama, unaweza kushonesha hapa hapa Kampala kwa fundi wa kawaida, ndo maana nimeona nikieleze hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Jua kazi yako inakuumiza wapi

Usianze na kifaa, anza na kazi. Chukua saa moja ya kazi ya kawaida, mwambie mtu akurekodi na simu kwa ubavuni, alafu jioni kaa uangalie. Hesabu umeinama mara ngapi, umeinua mikono juu ya mabega mara ngapi, umepiga magoti dakika ngapi, umebeba mzigo kichwani au begani mara ngapi. Ile inayojirudia kuliko zote ndo unayoitafutia kifaa, maana hakuna kifaa kimoja cha kusaidia kila kitu.

Nitumie mfano wa mjaza magunia, kazi hii nimeiangalia kwa karibu sana. Anainama, anachota mahindi kwa debe, anainuka, anamimina, anarudi tena chini. Gunia la kilo 100 linakula kama madebe sita, kwa hiyo akijaza magunia 100 kwa siku ameinama mara 600. Na debe lenyewe sio zito kivile, ukimuuliza atakwambia kazi hii ni nyepesi kuliko ya wale wanaopakia lori, ila usiku ndo huyo hawezi kugeuka kitandani.

Sababu yake ni hii, na ukiielewa kila kitu kingine humu kitakuwa rahisi. Mtu wa kilo 70, kuanzia kiunoni kwenda juu ana kama kilo 40 hivi. Akiinama, uzito huo unasogea mbele ya pingili za kiuno, tuseme sentimita 25. Misuli inayomshikilia asianguke kifudifudi iko nyuma ya pingili, karibu sana, kama sentimita 5 tu. Ni kama jeki ya gari ukiigeuza, mkono mfupi ndo wako na mkono mrefu ndo wa mzigo. Sasa piga hesabu, 40 mara 25 gawanya kwa 5, misuli inavuta kama kilo 200 na mikononi hajashika kitu. Akishika debe ndo inazidi. Mara 600 kwa siku, siku sita kwa wiki, mgongo gani utavumilia?

HATUA YA 2: Punguza kuinama kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia kama unaweza kuinyanyua kazi ikufate juu. Mahindi yamwagwe juu ya meza au mapaleti badala ya sakafuni, debe liwe dogo, beseni la udongo liwekwe juu ya matofali mawili matatu, jembe liongezwe mpini. Gunia la 100 libebwe na watu wawili au liwekwe kwenye torori. Shirika la Kazi Duniani, ILO, tangu mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na taasisi ya Marekani ya usalama kazini inayoitwa NIOSH kwenye hesabu yake ya kuinua mizigo inaanzia kilo 23, hapo ni mzigo uko karibu na mwili, kwenye urefu mzuri, na hujajipinda. Gunia la Kisenyi ni zaidi ya mara nne ya hiyo. Hakuna mpira wala springi ya kukufanya ubebe kilo 100 salama, na mtu akikuuzia kifaa kwa maneno hayo muache aende zake.

HATUA YA 3: Chagua aina inayokufaa

Kwa mgongo unaoinama mara nyingi, au unaokaa umeinama muda mrefu kama kwenye kupalilia, kinachofaa ni kile chenye mpira unaotoka mabegani, unapita mgongoni, unashuka mpaka mapajani. Ukiinama unavutika, ukiinuka unakurudisha juu. Viwandani wanavyo vya namna hiyo, Apex ya kampuni ya HeroWear ya Marekani ni ya mpira na kitambaa tu, na Wajapani wana Muscle Suit Every, hiyo inatumia hewa, unaijaza kwa pampu ya mkono, ilianza kuuzwa 2019 kwa karibu yeni 150,000, na huko hata wakulima wanaivaa.

Kwa mikono inayofanya kazi juu ya kichwa, yaani mapenta wa dari na wale wa jipsamu, kuna fulana zenye springi zinazonyanyua mkono kutoka chini ya kwapa. Ford, wale wa magari, walitangaza 2018 kwamba wanapeleka fulana 75 za aina ya EksoVest kwenye viwanda vyao 15 duniani, kila mkono unapata msaada wa kama kilo 2 mpaka karibu 7. Hiyo sikushauri ushoneshe mwenyewe, springi ikiwa na nguvu na imekaa karibu na uso ni hatari. Wewe jenga jukwaa, upande, mikono ishuke.

Magoti ni rahisi sana. Kipande cha sponji ngumu ya godoro, chini yake kipande cha tairi kama la lugabire, zile sandali za tairi, kanda mbili za velkro, moja juu ya goti na moja chini, ya juu isibane. Fundi viatu yeyote atakutengenezea. Ukitaka kununua vya dukani, bonyeza sponji na kidole gumba, kama kidole kinafika kwenye ugumu wa chini yake basi hiyo sponji ni ya mapambo.

Kichwani kuna kata, mnaijua. Iwe pana na nene, ila shingo ndo inayobeba bado, kwa hiyo kata haipunguzi kilo, inakusaidia tu mzigo usikuchome utosini na usiyumbe.

Na ule mkanda mpana wa kiuno unaouzwa mafamasi na kwa wachuuzi? Watu wengi wanaununua wakijua ndo dawa. NIOSH waliuangalia mwaka 1994 wakasema hawajaona ushahidi kwamba unamkinga mfanyakazi mzima asiumie mgongo. Unabana tumbo, unakukumbusha usijipinde, basi. Haushiki sehemu ya ule uzito wa kilo 200 kwa sababu haujaunganishwa na mapaja. Kama daktari amekupa baada ya kuumia hiyo ni habari nyingine, mfate yeye.

HATUA YA 4: Nani asivae

Msiiruke hii tafadhali. Mjamzito asivae. Mwenye ngiri, mwenye kidonda mapajani au mabegani, aliyefanyiwa opereshini karibuni, aulize kwanza hospitali. Kama una maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni mpaka chini ya goti, au mguu una ganzi, nenda ukaonwe na daktari au mtu wa fiziotherapi kabla ya kuvaa chochote. Na ukiona ganzi sehemu unayokalia au mkojo hautoki au unatoka bila kujua, hapo hakuna kusubiri kesho, panda boda uende hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hiyo ni mishipa ya fahamu imebanwa na ikicheleweshwa unaweza usirudi kama ulivyokuwa.

HATUA YA 5: Kusanya vitu

Unahitaji begi la mgongoni la mivumba, yaani la mtumba, soko la Owino yamejaa, usijali zipu mbovu, unachotaka ni mikanda yake ya mabegani iwe mipana yenye sponji, na ile ya kifuani ikiwepo ni vizuri zaidi. Tyubu ya boda iliyotupwa, fundi pancha atakupa bure au kwa kidogo sana, chagua ambayo haijapasuka pasuka na haina viraka sehemu utakayokata. Kanda ngumu za begi kama mita tatu, klipu za plastiki nne za kubonyeza na vishikio vya kurekebisha urefu. Kitambaa kigumu cha pamba, suruali ya jinzi iliyochoka inafaa kabisa. Velkro pana. Kazi yenyewe mpe fundi viatu kuliko fundi cherehani, kwa sababu ana uzi mnene na sindano ya kupita kwenye mpira.

HATUA YA 6: Kata mpira na uupime

Hapa ndo moyo wa kitu chote. Kata tyubu kwa urefu wake, upate mikanda miwili inayofanana, upana wa vidole viwili, kama sentimita tatu na nusu, urefu sentimita 40 zinazovutika ukiacha za kushonea. Kingo ziwe laini, tumia mkasi mkali na usiusimamishe katikati, kwa sababu kila kijipengo ndo mpira utakapoanzia kuchanika.

Alafu upime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Ning'iniza ncha moja, vuta ncha ya chini mpaka mpira uongezeke sentimita 20, kwa sababu ndo kiasi mgongo na makalio yanavyoongeza urefu ukiinama sana. Soma mizani. Unatafuta kilo 5 au 6 kwa kila mpira kuanzia. Ikisoma 9 punguza upana, ikisoma 3 tafuta tyubu nene zaidi. Mikanda yote miwili isome karibu sawa la sivyo utavutwa upande.

Sasa kilo 12 za mipira yote miwili zinasaidia nini? Mpira unapita nje ya ngozi, kwa hiyo uko mbali na pingili kuliko misuli yako, kama sentimita 10 badala ya 5. Kilo 12 za mpira zinafanya kazi ya kilo 24 za misuli. Kwenye zile 200 umepunguza zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi. Najua unasema ni kidogo, lakini zidisha 24 kwa mara 600 za mjaza magunia, ni zaidi ya tani 14 kwa siku ambazo misuli yake haikuvuta. Ukishazoea unaweza kupanda mpaka kilo 10 kila upande, ambayo ni kama sehemu moja kwa tano. Usizidishe hapo, ukizidisha unaanza kupigana na mpira ili uiname, tumbo na mapaja ndo vitachoka.

HATUA YA 7: Kushona

Begi likatwe libaki paneli ya mgongo na mikanda ya mabega. Chini ya paneli, usawa wa mwisho wa mbavu, fundi ashone kanda mbili ngumu, kila moja kama sentimita tano kutoka katikati ya mgongo. Kila mpira ukunjwe kwenye kanda, ushonwe mistari mitatu kwa kukatisha, sio mstari mmoja, na kati ya uzi na mpira pawe na kipande cha jinzi juu na chini, bila hivyo uzi unaukata mpira kama wembe.

Mpira uvalishwe mfuko mrefu wa kitambaa wenye mikunjo, ulegee wakati umesimama na unyooke mpira ukivutika. Mfuko huo sio urembo. Mpira ukikatika umeinama, ile ncha ya chini inaruka kwenda shingoni, mfuko ndo unaizuia. Na urefu wa mfuko ukinyooka kabisa uwe sentimita 65, hivyo mpira hauwezi kuvutwa kupita kiasi.

Chini ya mpira weka klipu. Klipu hii uweze kuifungua kwa mkono mmoja bila kuangalia, ijaribu gizani.

Mapaja ndo yanawashinda wengi. Bendi ya paja iwe pana kama kiganja na zaidi, sentimita 12 hivi, ya jinzi yenye sponji nyembamba ndani, ifungwe kwa velkro. Iweke juu kidogo ya goti, sio juu pajani. Paja linanenepa kadri linavyopanda, kwa hiyo mpira ukiivuta bendi inakwama yenyewe kwenye unene, haihitaji kubanwa sana. Ukiifunga juu utalazimika kuikaza mpaka mguu upate ganzi na bado itateleza. Upande wa juu wa bendi uwe mrefu kuliko wa chini kwa sentimita mbili tatu, ifate umbo la mguu. Klipu ikae nyuma ya paja katikati.

HATUA YA 8: Kuvaa

Anza na shati la pamba lenye kola, jasho la Kampala na kanda za nailoni havipatani. Mabega kwanza, funga ya kifuani, alafu mapaja, alafu ufunge klipu umesimama wima. Ukiwa wima mpira usivute kabisa, uwe umenyooka tu bila kulegea. Inama polepole mpaka vidole vifike katikati ya ugoko, mtu akuangalie kwa nyuma kama mipira yote miwili inaenda sawa. Utasikia kama mtu anakushika mabega asikuache uanguke. Ukisikia mabega yanachomwa, sogeza mikanda ya begi itoke shingoni. Ukisikia miguu inawasha, legeza bendi.

HATUA YA 9: Siku za mwanzo

Siku ya kwanza nusu saa tu, kwenye kazi nyepesi, alafu vua. Siku ya pili saa moja. Ongeza taratibu mpaka wiki mbili zipite ndo ufike nusu ya siku. Mwili unahitaji kujifunza upya, na ngozi nayo inahitaji kuzoea. Weka daftari, kila jioni andika maumivu ya kiuno kutoka 0 mpaka 10, na uandike kama ulivaa au hukuvaa. Ukishazoea, wiki moja uvae, wiki inayofata uache, kazi iwe ile ile. Daftari likisema hakuna tofauti, amini daftari, badilisha nguvu ya mpira au tafuta njia nyingine.

HATUA YA 10: Wakati wa kufungua klipu

Kutembea umbali mrefu, kukaa, kupanda boda, na hasa kupanda ule ubao wa kuingilia kwenye lori. Mpira unavuta paja chini kila ukinyanyua mguu, ukiwa na gunia begani kwenye ubao mwembamba ukajikwaa, umeumia vibaya kuliko kiuno. Pia karibu na mashine yoyote inayozunguka, kinu cha kusaga, mkanda wa kupandishia magunia, mikisa ya zege, usisogee na kanda zinazoning'inia. Ncha zote za kanda zikunjwe na zibanwe na lastiki.

Na bosi akiona umevaa asikuongezee mzigo. Nasema kwa sababu ndo kinachotokea, mtu akionekana hachoki anapewa magunia ya mwenzake. Sheria ya usalama na afya kazini ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo kama mko kikundi mnafanya stoo moja, nendeni pamoja na lile daftari, mwonyesheni, muombe agharamie. Kikundi kikinunua kwa pamoja, paneli ya mgongo mnaweza kupeana kwa zamu ila bendi za mapaja kila mtu na zake, magonjwa ya ngozi yanapita hapo.

HATUA YA 11: Kutunza

Kila asubuhi uvute mpira kwa mikono mbele ya mwanga, angalia nyufa ndogo ndogo hasa pale penye uzi. Ukiona hata moja, toa mpira huo, usiuzibe na solushen. Jua, oili na petroli vinaula mpira, usiuache kwenye dashbodi ya lori. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni kila wiki, kikaushwe kivulini. Hata usipoona ufa, badilisha mipira yote miwili kila baada ya miezi miwili mitatu ya kazi ya kila siku, ile mipya uipime tena kwa mizani kabla ya kushona, kwa sababu tyubu ya boda hii na ya boda ile hazilingani unene.